Mtafiti wa chuo kikuu akifika kijijini, muulize haya

Wilaya za Tarime na Serengeti hupokea watafiti wengi wa vyuo vikuu vya umma. Wapo wanaoulizia ukeketaji, wapo wanaofuatilia maisha ya majirani wa mgodi wa North Mara, na wapo wanaotaka kujua hasara ya tembo mashambani. Vyuo hivi vinaendeshwa kwa kodi yako. Mkaribishe mgeni, lakini muulize.

Barua iko wapi? Mtafiti hupitia kwa mkurugenzi wa halmashauri, kisha mtendaji wa kata na wa kijiji, ndipo abishe hodi kwako. Mwanafunzi wa Chuo Kikuu Huria, kwa mfano, hubeba barua ya chuo yenye jina lake, namba ya usajili, mada, eneo na tarehe za kuanza na kumaliza. Isome. Tarehe zikiwa zimepita, mrudishe kwa mtendaji. Anayetoka nje ya nchi awe na kibali cha Tume ya Taifa ya Sayansi na Teknolojia (COSTECH), na utafiti wa afya uwe na kibali cha maadili.

Maneno yangu yatakwenda wapi? Uliza kama jina lako litaandikwa, nani atasikiliza sauti iliyorekodiwa, na itafutwa lini. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inakulinda. Kushiriki ni hiari: unaweza kuruka swali au kusitisha mahojiano katikati, na usinyimwe huduma yoyote kwa sababu hiyo.

Majibu yatarudi lini? Hapa ndipo vijiji vingi hupunjwa. Mtendaji aandike kwenye kitabu cha wageni jina la mtafiti, chuo, simu ya msimamizi wake na tarehe aliyoahidi kurudi. Mkutano mkuu wa kijiji hukaa kila baada ya miezi mitatu. Matokeo yasomwe hapo, kwa Kiswahili. Faida ya utafiti ipo: mwishoni mwa miaka ya 1990, watafiti walifuatilia uchanjaji wa mbwa katika vijiji vya Serengeti, na ikaonekana kichaa cha mbwa kimepungua, na watu wanaoumwa na mbwa wanaoshukiwa kuwa na kichaa wamepungua pia.

Kijiji chenye swali lake, liwe la mbegu, mifugo au maji, kisisubiri kuulizwa. Butiama, wilaya jirani, kipo Chuo Kikuu cha Kilimo na Teknolojia cha Mwalimu Julius K. Nyerere. Andikeni barua kupitia serikali ya kijiji, mlipeleke swali lenu huko.