Tamasha la Muziki Uwanjani: Masikio, Pumzi na Safari ya Kurudi Nyumbani



Mavuno yakishaingia ghalani, na mpunga wa mabonde ya Idodi ukishauzwa, ndipo gari lenye spika linapopita kijijini kutangaza tamasha. Kiangazi ndio msimu wake: mvua hakuna, shule zimefungwa, na mfukoni kuna hela kidogo. Wengine hupanda basi hadi Iringa mjini, kwenye Uwanja wa Samora, ambako Fiesta ya Clouds FM na maonyesho mengine yamekwisha kufanyika. Wengine hungojea bendi au kwaya ije hapa hapa na kusimika jukwaa kwenye uwanja wa mpira.

Hatuandiki somo hili ili kuwakataza watu muziki. Baba, mama, watoto na marafiki wakitoka pamoja kwenda kusikiliza nyimbo, hilo ni jambo jema, na ni afadhali kuliko kijana kwenda peke yake kwa kujificha. Watu wa kila nchi wana desturi hiyo. Zanzibar wana Sauti za Busara, inayofanyika Ngome Kongwe tangu mwaka 2004. Uingereza, huko Glastonbury, tangu 1970 watu hupiga mahema mashambani wakati wa joto lao na kusikiliza bendi za roki kwa siku kadhaa. Tunachotaka kujifunza mwezi huu ni namna ya kwenda na kurudi wote wazima.

SIKIO LINAVYOUMIA

Sauti huingia sikioni, hutikisa ngoma ya sikio, kisha mtikisiko hupita kwenye mifupa mitatu midogo hadi sehemu ya ndani iliyojikunja kama konga la konokono. Humo mna chembechembe zenye vinywele vidogo sana, kama 15,000 katika kila sikio. Hizo ndizo zinazogeuza mtikisiko kuwa habari ya kupelekwa kwenye ubongo. Kelele kubwa huziinamisha kama upepo unavyolaza mahindi. Kelele ikiisha mapema, nyingi huinuka tena. Ikiwa kali mno au ya muda mrefu, hufa, na kwa binadamu zikifa haziotí nyingine. Hakuna dawa ya kuzirudisha, wala ya hospitali wala ya miti shamba.

Ukali wa sauti hupimwa kwa desibeli. Mazungumzo ya kawaida ni kama 60. Wataalamu wanasema sikio linaweza kuvumilia desibeli 85 kwa saa 8 kwa siku. Kuanzia hapo, kila zinapoongezeka desibeli 3, muda salama hupungua kwa nusu: 88 ni saa 4, 91 ni saa 2, 94 ni saa moja, 97 ni nusu saa, na 100 ni robo saa tu. Basi jiulize: mbele ya spika za jukwaani, ambako sauti hufika 100 na kupita, mtoto wako amesimama muda gani? Onyesho la hapa kwetu haliishi kabla ya saa saba ya usiku.

Machi 2022 Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo kwa kumbi na matamasha: wastani wa sauti usizidi desibeli 100, pawepo mahali tulivu pa kupumzisha masikio, na watu wapatiwe vizibo vya masikio. Shirika hilo lilisema kwamba vijana zaidi ya bilioni moja, wa miaka 12 hadi 35, wamo katika hatari ya kupoteza usikivu kwa sababu ya muziki mkubwa. Bendi ya The Who ya Uingereza ilipiga London mwaka 1976 kwa sauti iliyopimwa desibeli 126 ukiwa umbali wa mita 32, ikaandikwa katika kitabu cha rekodi cha Guinness. Baadaye kitabu hicho kikaacha kabisa kutunza rekodi ya namna hiyo, kisiwatie watu moyo wa kuharibu masikio. Mpiga gitaa wao, Pete Townshend, amesema hadharani kwa miaka mingi jinsi usikivu wake ulivyoharibika.

Ubaya wa maradhi haya ni kwamba hayaumi, na huanza kwa kuiba sauti nyembamba. Mgonjwa anasikia kwamba mtu anaongea, ila hashiki maneno. Kwake “saa”, “taa” na “faa” ni neno moja. Mwalimu atasema mtoto ni mzembe au mtukutu, kumbe anakaa dawati la nyuma na hasikii. Mama mwimba kwaya ataanza kukosea sauti ya kwanza na kulaumu kinanda. Na tuseme ukweli: spika haijui kama wimbo ni wa injili au ni bongo fleva. Harusi zetu, jubilei zetu na hata maonyesho ya kwaya yamekuwa na spika zinazotikisa mabati, tena watoto ndio wanaokaa chini, mbele kabisa.

Dawa iliyo rahisi kuliko zote ni umbali. Mahali pa wazi, ukizidisha umbali wako na spika mara mbili, sauti hupungua karibu desibeli 6. Tuseme kwenye mita 2 ni 110: kwenye mita 4 itakuwa 104, mita 8 ni 98, mita 16 ni 92, mita 32 ni 86. Penye spika nyingi hesabu haiwi kamili hivyo, lakini njia ni hiyo hiyo. Hatua chache za kurudi nyuma hazigharimu kitu, na muziki bado unasikika vizuri. Kila baada ya saa moja toeni watoto nje kidogo, masikio yapumzike. Vizibo vya sponji vinavyouzwa kwenye baadhi ya maduka ya dawa na ya vifaa vya kazi hufaa sana vikiingizwa sawasawa. Pamba na karatasi ya chooni hazizuii cha maana. Mtoto mchanga hawezi kusema kwamba anaumia, na njia ya sikio lake ni nyembamba, kwa hiyo sauti humwingia kwa nguvu zaidi. Mwacheni nyumbani na bibi yake.

WATU WANAPOBANANA

Hili ndilo linaloua usiku ule ule. Tarehe 1 Oktoba 2008, siku ya Idi, watoto wapatao 20 walikufa Tabora katika ukumbi wa disko uliojaa kupita kiasi. Desemba 1979 watu 11 walikufa mlangoni huko Cincinnati, Marekani, wakisubiri kuingia kuisikiliza The Who, bendi ile ile tuliyoitaja. Kampala, usiku wa kuamkia mwaka 2023, watu wasiopungua 9 walikufa walipokuwa wakitoka kwenda kuangalia fataki, na wengi wao walikuwa watoto.

Magazeti huandika “walikanyagana”, na msomaji hudhani waliokufa walikanyagwa na watu wenye fujo. Mara nyingi si hivyo. Wengi hufa wakiwa wamesimama. Ili upumue, kifua lazima kitanuke. Watu wakifika 6 au 7 katika mita moja ya mraba, kila mmoja anasukumwa na uzito wa walio nyuma yake, kifua hakina nafasi ya kutanuka, na baada ya dakika chache mtu huzimia. Aliye nyuma hajui kinachotokea mbele, naye anaendelea kusogea. Hakuna mwenye nia mbaya. Mtoto ndiye wa kwanza kushindwa, kwa sababu kifua chake kiko kwenye usawa wa viuno na viwiko vya watu wazima.

Kwa hiyo mkifika, kabla ya kutafuta mahali pazuri pa kuona, tazameni milango. Iko mingapi? Je, inafunguka au imefungwa kwa mnyororo ili wasioingia kwa tiketi wasipenye? Sisi watu wa Idodi, ambao Agosti 2009 tuliwazika mabinti 12 walioungua bwenini usiku, hatuhitaji kuambiwa na mtu maana ya mlango. Kama ni ukumbi wenye mlango mmoja na watu wamejaa, rudini nyumbani, hata kama hela ya kiingilio imekwisha kulipwa.

Kaeni pembeni au nyuma, si mbele ya jukwaa wala kwenye uzio. Ondokeni nyimbo mbili kabla ya mwisho. Ukiona unaguswa na watu pande zote na huwezi kuinua mkono kujikuna uso, huo ndio wakati wa kutoka, usingoje zaidi. Kama umekwisha kubanwa, weka mikono mbele ya kifua kama mpiga ngumi, upate nafasi ya kupumua. Usipige kelele bila sababu, tunza pumzi. Usishindane na msukumo: unapokuja nenda nao, unapotulia sogea kwa mshazari kuelekea pembeni. Simu au kiatu kikianguka, kiache. Mtoto mwinue juu ya mabega. Ukianguka na huwezi kusimama, lala kwa ubavu, kunja magoti, funika kichwa kwa mikono.

Aliyezimia apelekwe penye hewa, alazwe chali, miguu iinuliwe. Kama hapumui, piga magoti kando yake, weka viganja viwili katikati ya kifua, ukandamize kwa nguvu na kwa haraka, mara 100 hadi 120 kwa dakika, bila kuacha mpaka msaada ufike.

Jambo dogo linalosaidia sana: andika kwa kalamu namba ya simu ya baba au mama kwenye mkono wa kila mtoto, na mkubaliane mahali pa kukutana mkipotezana, kama mti fulani au duka fulani nje ya uwanja. Usitegemee kupigiana simu penye muziki.

BARIDI, MAJI NA VINYWAJI

Mtu wa Idodi amezoea joto. Iringa mjini ipo karibu mita 1,600 juu ya usawa wa bahari, na usiku wa Juni na Julai upepo wake si wa mchezo. Chukueni makoti na vitenge vizito, hasa kwa wenye pumu na kwa wagonjwa wa selimundu. Hawa wa mwisho, baridi na upungufu wa maji mwilini huweza kuwaamshia maumivu makali ya mifupa. Wanywe maji mara kwa mara hata kama hawana kiu. Tamasha likiwa hapa bondeni, tatizo ni mbu. Mbu wa malaria huuma tangu jioni mpaka alfajiri, basi vaeni nguo za mikono mirefu, na mtoto akipata homa baada ya siku kumi au wiki mbili, apimwe damu mara moja.

Maji yachemsheni, mtoke nayo nyumbani. Chakula kiwe kimetoka motoni sasa hivi. Pombe hukausha mwili na huwafanya wazazi wasahau watoto. Kuhusu gongo hatuna la kuongeza, kila kijiji kina kaburi lake.

MABINTI NA VIJANA WETU

Katika utafiti wa kitaifa wa 2022 hadi 2023, mikoa iliyokuwa na maambukizi mengi ya Virusi vya UKIMWI kwa watu wazima ilikuwa Njombe, Iringa na Mbeya. Iringa ni karibu watu 11 katika kila 100. Wazazi, semeni na vijana wenu mambo haya kabla ya siku ya tamasha, kwa lugha ya wazi, si kwa vitisho. Msichana asiende chooni gizani peke yake, wala asipokee kinywaji kilichofunguliwa na mtu mwingine. Na kama amefanyiwa ukatili, asifichwe kwa aibu. Apelekwe kituo cha afya usiku huo huo, kabla hajaoga. Zipo dawa za kuzuia VVU, lakini lazima zianzwe ndani ya saa 72, na kila saa inayopita hupunguza nguvu yake.

KURUDI NYUMBANI

Lori halikutengenezwa kubeba watu, wala bodaboda haikutengenezwa kubeba wanne. Dereva wa kurudi naye ajulikane mapema, awe hajanywa. Mnaorudi huku usiku mnajua kwamba tembo wa Ruaha huvuka barabara wanapofuata mashamba, na dereva mwenye usingizi hamwoni tembo mpaka amfikie. Kwa waliokwenda mjini, afadhali kulala kwa ndugu mpaka kupambazuke.

Asubuhi yake waulizeni watoto kama masikio yanalia au wanasikia kama wako ndani ya pipa. Hali hiyo mara nyingi huisha baada ya saa kadhaa au siku moja au mbili, na wakati huo wakae mbali na kelele yoyote, hata redio ya sikioni. Isipoisha, nendeni kwa daktari. Lakini sikio moja likiziba ghafla na kutosikia kabisa, msingoje: tiba yake hufaa ikianza ndani ya siku chache. Na msimimine kitu sikioni, iwe mafuta ya moto, maji ya majani au mafuta ya taa, kabla daktari hajachungulia ndani.