SOMO LETU: PIKAPU YA KIKUNDI INAPOTETEMEKA NA KUZIMIKA



Kikundi kimoja cha wakulima wa kabichi na viazi huko Kinangop kilitualika tukae nacho juu ya hesabu za mwaka. Tulipofika tulikuta hesabu zimewekwa kando, na watu wote wamezunguka pikapu yao, Peugeot 504 ya zamani. Ikisimama tu, injini inatetemeka mpaka vioo vinalia, halafu inazimika. Ukikanyaga mafuta, inanguruma vizuri kama kawaida. Makanika mmoja wa mjini alikuwa amekwisha kuwaambia kwamba injini imekwisha, ifanyiwe ovaholi, na watoe shilingi elfu sitini. Mweka hazina alikuwa nazo pesa hizo, lakini zilikuwa za mbegu na mbolea.

Mmoja wetu aliwahi kuendesha na kutengeneza lori kwa miaka mingi. Aliuliza swali moja: "Na breki je?" Dereva akacheka kidogo. "Mzee, hizo zimekuwa ngumu. Siku hizi nakanyaga mpaka goti linauma." Hakuwa ameambia mtu, maana alifikiri hiyo ni shida nyingine kabisa.

Haikuwa shida nyingine. Kuna mpira mnene unaotoka kwenye injini kwenda kwenye kile chombo cha duara kinachosaidia breki. Injini hufyonza hewa kupitia mpira huo, na ufyonzaji huo ndio unaomsaidia dereva kukanyaga. Mpira ulikuwa umepasuka upande wa chini, mahali ambapo jicho halifiki. Injini ikawa inavuta hewa ya bure pale, na breki zikakosa msaada. Bei ya mpira mpya haikufika shilingi elfu moja. Sasa fikirini pikapu hiyo, imejaa viazi, inateremka kwenda Naivasha na injini inazimika njiani. Injini ikizimika, msaada wa breki hubaki wa kukanyaga mara moja au mbili tu, kisha pedali inakuwa kama jiwe.

Ndiyo maana tumeamua somo la leo liwe juu ya jambo hili. Hatutaki kumnyang'anya makanika kazi yake. Tunataka kikundi kijue la kuuliza kabla pesa hazijatoka.

Kwa nini izimike ikisimama na siyo ikikimbia?

Injini inataka vitu vitatu: hewa, petroli na moto. Ukiwa umeacha kukanyaga mafuta, mlango wa hewa ndani ya kabureta umefungwa karibu wote. Hewa inayopita ni kidogo sana, na petroli inapita katika jeti yenye tundu dogo kuliko sindano ya kushonea. Kwa hivyo kosa dogo ni kubwa wakati huo: ufa mdogo wa mpira, au chembe moja ya mchanga. Ukikanyaga, mlango unafunguka, hewa na petroli nyingi zinaingia kwa njia kubwa, na lile kosa linamezwa. Basi pikapu inayokwenda vizuri barabarani na kuzimika sokoni, mara nyingi injini yake haijafa. Mtu akitaka kuifungua, mwulizeni kwanza amepima nini.

Mwulizeni dereva pia. Inazimika ikiwa baridi asubuhi, au ikishapata moto? Ilianza baada ya kutengenezwa kitu, au baada ya kutia mafuta mahali fulani? Dereva anajua mengi kuliko anavyodhani, kama tulivyoona.

Anzeni na hewa

Hewa haina gharama, kwa hivyo anzeni hapo. Fungueni boneti injini ikiwa inanguruma na msikilize kama kuna mlio wa nyoka, sss. Bana kila mpira wa hewa kwa koleo, mmoja mmoja. Ukibana mmoja na injini ikatulia, mwizi ni huyo, au kile chombo kilichoko mwisho wake. Halafu dondosha maji ya sabuni kidogo kidogo pale kabureta inapokalia, na pale manifoldi inapoungana na injini. Mlio wa injini ukibadilika, gasketi hapo inavuja. Msimwage maji kwenye distributa. Wako makanika wanaonyunyiza petroli badala ya maji ya sabuni. Sisi tunasema hapana kabisa, kwa sababu injini ina moto na pikapu ni ya watu wengi.

Boti za kabureta zikiwa zimelegea, kazeni kwa kiasi, upande huu na upande ule kwa zamu. Ukikaza kwa nguvu zote kitako kinapinda, na uvujaji unazidi. Mpira wa breki haufungwi kwa kipande cha tyubu, na mpira wa kumwagilia bustani hauwezi hiyo kazi: ukifyonzwa utabonyea na kujifunga. Nunueni ule wenyewe.

Kisha moto

Injini ikinguruma, chomoa waya wa plagi moja kwa koleo lenye mpira mkavu, rudisha, nenda ya pili. Kila ukichomoa, injini inapaswa kudhoofika. Ile ambayo ukichomoa hakuna kinachobadilika, silinda yake haifanyi kazi. Sasa zima, hamisha plagi hiyo kwenye silinda nyingine na ujaribu tena. Kama ubovu umehama pamoja na plagi, nunueni plagi. Kama umebaki palepale, tazameni waya, halafu yale mengine. Dawa hii ni ya magari ya zamani yenye pointi. Gari lenye kompyuta msilichomoe waya likiwa linanguruma.

Fungueni pia kifuniko cha distributa. Ufa mwembamba kama unywele, wenye weusi ndani, unatosha kuleta taabu asubuhi ya ukungu. Pointi zikiwa zimechimbika upande mmoja na kuota kichuguu upande wa pili, basi kondensa imechoka. Badilisheni vyote viwili pamoja. Nafasi ya pointi kwa magari mengi ya aina hii ni karibu milimita 0.4, na ya plagi milimita 0.6 hadi 0.8, lakini kitabu cha gari ndicho kinachotawala. Usiku, zimeni taa na mtazame waya injini ikinguruma: mkiona cheche za buluu zikiruka nje, waya zimezeeka.

Halafu petroli

Hapa ndipo vikundi vingi huumia bila kujua. Teka petroli kidogo kutoka kwenye tangi, weka katika chupa nyeupe na uiache itulie. Maji yatakaa chini yakionekana. Dondosha tone juu ya karatasi nyeupe: petroli safi hukauka bila kuacha doa la mafuta. Likibaki doa, huenda imechanganywa na mafuta ya taa. Ulaghai huo ulienea sana hata mwaka 2018 serikali ikaongeza ada kwenye mafuta ya taa ili bei zikaribiane. Msinunue kwa jerikeni kando ya barabara eti ni rahisi.

Badilisheni filta. Toeni ile jeti ndogo ya kabureta, mpulize kwa pampu ya hewa. Msiipitishe waya, kwa sababu tundu likipanuka haliwezi kurudishwa. Wala msivute petroli kwa mdomo; tumewahi kuona kijana akilazwa kwa ajili hiyo.

Sisi tunaoishi nyanda za juu tuna neno letu la ziada. Nairobi iko karibu mita 1,700 juu ya bahari, na Nyahururu karibu mita 2,300. Huku hewa ni nyepesi. Kabureta iliyorekebishwa Mombasa ikipandishwa huku inamwaga petroli nyingi kuliko hewa iliyopo. Plagi zinakuwa nyeusi kama sufuria ya kuni, moshi mweusi unatoka, na injini inasongwa ikisimama. Ukinunua pikapu ya zamani kutoka pwani, kumbuka hilo kabla ya kumlaumu aliyekuuzia.

Mwisho kabisa, valvu

Kama silinda moja bado ni dhaifu baada ya hayo yote, makanika apime nafasi za valvu, halafu apime mgandamizo wa kila silinda. Petroli yenye risasi iliondolewa nchini mwaka 2006. Risasi ile ilikuwa ikilinda vitako vya valvu katika injini nyingi za zamani. Bila hiyo, vitako visivyo vigumu huliwa polepole, nafasi inapungua, na valvu haifungi vizuri. Kurekebisha nafasi mapema ni kazi ya saa chache. Kuchelewa ni kuunguza valvu, na hapo hedi itafunguliwa kweli.

Skrubu za kabureta zishikwe baada ya hayo tu, injini ikiwa na moto. Hesabuni mizunguko kabla ya kugeuza, mwandike, ili mkikosea mrudi mlipokuwa. Tunaowaonea mashaka ni wale wanaokimbilia kuongeza skrubu ya mwendo ili injini isizimike. Kwa wale wa Kinangop ilikuwa imekwisha kuongezwa mara mbili, na mpira wa breki ukazidi kupasuka huku kila mtu akiona pikapu "imepona".

Na mbadilishe kitu kimoja kwa wakati mmoja. Ukibadilisha plagi, filta na kondensa siku moja, hutajua ni kipi kilichoponya, na mwaka ujao utavinunua vyote tena.

Maswali ya kujadili katika kikundi

Dereva wetu akiona jambo geni kwenye breki au injini, anamwambia nani, na linaandikwa wapi?

Tukiambiwa "ovaholi", ni vipimo gani vitatu tutaomba kuonyeshwa kwanza, na nani kati yetu atasimama pale vikipimwa?

Mara ya mwisho tulipolipa makanika, tulirudishiwa vipuri vya zamani tuvione?