Chifu Ametia Saini, Jamii Haijajibu

MPWA: Shangazi, nimekuja na habari njema. Ule mradi wetu wa umeme wa jua, jamii imeshakubali. Chifu ametia saini, na diwani pia.

SHANGAZI: Kaa kwanza. Chifu ametia saini kama nani?

MPWA: Kama kiongozi wa jamii.

SHANGAZI: Chifu ameajiriwa na serikali, analipwa mshahara, na akistaafu ataletwa mwingine. Ni mtu wa maana, sisi akina mama tukidhulumiwa tunakimbilia kwake. Lakini malisho si yake hata ayagawe. Katiba ya 2010, kifungu cha 63, imesema ardhi ya jamii ni ya jamii. Nimechoka kulirudia hili. Kila gari jipya likifika Marsabit linaanzia kwa chifu na kuishia kwa chifu, kisha vijana wakifunga barabara mnauliza nani amewachochea.

MPWA: Lakini baraza tuliitisha. Watu wengi walijiandikisha.

SHANGAZI: Mkawapa nini?

MPWA: Nauli na chakula cha mchana.

SHANGAZI: Basi karatasi yenu inathibitisha nani alifika. Nani alikubali, haisemi. Na kumlisha mgeni ni heshima, mwanangu, hata baba yako hakuwahi kumwacha mtu aondoke na njaa. Ila kumlisha mtu kisha ukamwita shahidi wako ni kumtumia. Mlilelewa vizuri, sijui huko maofisini mnafundishwa nini.

MPWA: Sasa sheria inataka nini hasa?

SHANGAZI: Sheria ya Ardhi ya Jamii ya 2016 haijafichwa. Jamii inasajiliwa, inachagua kamati ya watu 7 hadi 15. Hayo msajili atakueleza. Shika hili: mkataba wa uwekezaji hauna nguvu mpaka uende mbele ya mkutano mkuu wa jamii, ulioitwa kwa ajili ya ofa hiyo, na theluthi mbili ya watu wazima wafike. Tukiwa watu wazima 900, wafike 600. Na theluthi mbili wakubali.

MPWA: Watu 600! Shangazi, nusu ya vijana wako fora, kwenye kambi za mbali za mifugo, na ngamia.

SHANGAZI: Ndiyo maana nakwambia hamjauliza. Aliye fora ndiye anayejua ng'ombe wanapita wapi kiangazi kikikaza. Mkiweka uzio pale, anayezungushwa ni yeye, si chifu. Sikiliza sasa, maana hapa ndipo penye kazi yenyewe. Mkutano wa kwanza si wa kujibu, ni wa kusikia. Mkataba usomwe kwa sauti, kwa Kirendille na kwa Kisamburu: ekari ngapi, miaka mingapi, maji ya kuoshea paneli yatatoka kisima kipi, pesa zitaingia akaunti gani, na mwisho nani atayafukia mashimo yenu. Kisha watu waondoke. Waende fora, wazungumze usiku na wazee wao, wanawake wazungumze kisimani ambako hakuna mwanamume wa kuwakatiza. Halafu warudi. Wasikie, waende, warudi. Kampuni zinaleta hema, zinataka jibu kabla hema halijakunjwa.

MPWA: Kwa hiyo mikutano miwili?

SHANGAZI: Mbona unahesabu mikutano? Hesabu muda! Mkiitisha miwili ndani ya juma moja wakati mifugo iko mbali, mmeitisha mmoja. Ngoja mvua, watu wakiwa karibu. Wasikie, waende, warudi, na wakirudi na maswali mapya, mkataba ubadilike kweli. Kama hakuna neno litakalobadilika, mlikuja kutangaza.

MPWA: Bosi atasema muda huo ni gharama. Na mbona mradi wa upepo wa Ziwa Turkana ulijengwa tu? Ukatengeneza na barabara, kilomita 208 kutoka Laisamis.

SHANGAZI: Barabara ni nzuri, naipita na namshukuru Mungu. Lakini ekari 150,000 zilitolewa na lililokuwa Baraza la Kaunti ya Marsabit, lililozishika kama mdhamini wetu. Mitambo 365 ikasimama. Mwaka 2021 Mahakama ya Mazingira na Ardhi ya Meru ikasema utaratibu uliotumika kuitenga ardhi hiyo ulivunja sheria. Mitambo ikaendelea kuzunguka huku kampuni ikirudi mahakamani. Hiyo nayo mwambie bosi aiandike kwenye gharama. Au muulize kuhusu Waendorois wa Ziwa Bogoria: Tume ya Afrika ya Haki za Binadamu ilipotoa uamuzi wake, uliotangazwa 2010, ilisema waliletewa jambo lililokwisha kuamuliwa. Kumwarifu mtu si kumuuliza. Hata mtoto mdogo anaijua tofauti hiyo anapochukuliwa kitu chake.

MPWA: Na ardhi yetu upande ule bado haijasajiliwa. Si tungeongea na kaunti?

SHANGAZI: Kaunti inaishika kwa niaba yetu, na sheria hiyohiyo inaikataza kuiuza au kuihamisha. Kama mna haraka, saidieni jamii isajiliwe, bila kuchagua nyinyi nani aingie kamatini.

MPWA: Tukifanya yote hayo, kisha wakakataa?

SHANGAZI: Mtaondoka. Mtasalimia, mtashukuru, mtaondoka, na msimpunguzie mtu basari ya mtoto kwa sababu alisema hapana. Huenda wamekataa mahali, hawajamkataa mtu. Ulizeni kama kuna upande mwingine usio njia ya mifugo. Lakini “hapana” ikiwa haiwezekani, ile “ndiyo” mliyoipata haina maana. Sasa nipe hiyo karatasi ya chifu. Andika nyuma yake majina ya fora zote unazozijua, na yule atakayeifikia kila moja. Usipozijua, anza kwa mama yako.