Nyumba ya Bei Nafuu Kando ya Ziwa: Uliza Kabla ya Kutoa Arbuni

Ziwa Tanganyika likipanda, bei ya nyumba za ufukweni hushuka. Maji yakishaingia sebuleni, kama yalivyoingia kwa wengi 2021 na tena 2024, mwenye nyumba hana hamu ya kubishania bei. Anataka pesa ya kuhamia juu. Naye mnunuzi mwenye akiba kidogo, anayeogopa kukaa na noti ndani tangu faranga ya Burundi iliposhushwa thamani Mei 2023, anaona bahati imemwangukia. Safu ya leo ni ya mnunuzi huyo, wa Bugarama hii ya kando ya ziwa, si ile ya Muramvya.

Anza na umbali. Sheria ya Maji ya 2012 imetenga ukanda wa hifadhi wa mita 150 kutoka ufuko wa Tanganyika. Pwani yetu ni nyembamba: ziwa, barabara ya taifa namba 3, halafu mlima. Ziko sehemu ambazo mita hizo zinameza karibu ardhi yote tambarare. Kwa hiyo usipime kwa macho, wala usipime wakati wa kiangazi maji yakiwa yamerudi nyuma. Beba kamba, mwombe mzee wa jirani akuonyeshe maji yalifika wapi mwaka ule mbaya, upimie kutoka hapo. Ukutani nako tazama. Maji huacha mstari wa matope, na rangi mpya iliyoishia usawa wa dirisha haikupakwa kwa ajili ya urembo.

Mita hizo zinagusa mfuko wako hivi. Katiba inasema hakuna anayenyang'anywa mali yake ila kwa manufaa ya umma, tena baada ya kulipwa fidia ya haki. Kinga hiyo ni ya mwenye mali halali. Ukinunua nyumba ndani ya ukanda, siku ya kubomolewa utakuwa na karatasi ya mauziano mkononi, na karatasi hiyo haigeuzi ardhi ya umma kuwa yako.

Swali la pili, na kwa pwani yetu ya Rumonge ndilo zito zaidi: kiwanja hiki kilikuwa cha nani kabla ya 1972? Machafuko ya Aprili mwaka ule yalianzia huku kusini. Maelfu walikimbilia Tanzania, na mashamba yao, michikichi ikiwemo, yakagawiwa wengine, wengine wakauziana. Waliporudi, kesi zikafika mbele ya CNTB, tume ya ardhi na mali nyingine iliyoundwa 2006. Miaka ya mwanzo tume ilipenda kugawanya kiwanja kati ya mrejeaji na mkaaji. Baada ya 2011 msimamo ulibadilika, kikawa kinarudishwa chote kwa mwenyewe wa asili, na aliyekuwa amenunua kwa nia njema akaambiwa amtafute aliyemuuzia. Muda wa tume uliisha 2022, lakini usidhani madai ya familia yameisha nayo. Sheria ya mikataba tuliyorithi tangu enzi za Wabelgiji iko wazi: kuuza mali ya mtu mwingine ni batili. Unayo haki ya kumdai muuzaji akurudishie pesa. Haki hiyo ina faida gani ikiwa muuzaji mwenyewe ameshavuka ziwa?

Ndiyo maana karatasi ni muhimu kuliko bei. Sheria ya Ardhi ya 9 Agosti 2011 inatambua hati miliki, inayotolewa na msajili wa hati, na cheti cha ardhi, kinachotolewa na ofisi ya ardhi ya komini. Hati ina nguvu zaidi. Cheti kinaweza kupingwa mahakamani na mwenye ushahidi. Hata hivyo cheti kina uzuri wake: kabla hakijatoka, kamati ya kilima hufika kiwanjani, majirani wakasikilizwa na mipaka ikaonyeshwa. Muuzaji akiwa na karatasi tu iliyosainiwa na mashahidi wawili, mwambie aombe cheti kwanza. Akikataa kwa kuwa ana haraka, elewa kwamba haraka hiyo unainunua wewe.

Siku ya mauziano, mkataba upite kwa mthibitishaji kama kuna hati, au kwenye ofisi ya komini kama kuna cheti, na jina lako liandikwe kwenye daftari. Mke wa muuzaji asaini. Nyumba ikiwa ya urithi, ndugu wote wasaini, madada wakiwemo. Burundi haina sheria iliyoandikwa ya mirathi, na dada aliyerukwa leo anaweza kukufungulia kesi kesho. Muuzaji aandike pia kama nyumba iliwahi kuingiwa na maji, au haikuingiwa. Akiandika haikuingiwa kumbe iliingiwa, umeshapata ushahidi wa kasoro iliyofichwa.

Pesa ipite benki. Na kabla ya kutoa hata faranga moja ya arbuni, nenda kwanza kwenye ofisi ya ardhi ya komini ukaulize kiwanja hicho kimeandikwa kwa jina la nani.