Ramabai na Watoto wa Njaa

Katika miaka ya 1870 njaa kuu iliipiga nchi ya Bara Hindi. Siku zile msichana mmoja na kaka yake walikuwa wakienda kwa miguu kutoka jimbo hata jimbo. Jina lake msichana ni Ramabai, aliyezaliwa mwaka wa 1858. Baba yao, mama yao na dada yao mkubwa walikuwa wamekwisha kufa, baada ya kuuza kila walichokuwa nacho, hata vyombo vya shaba, na kula majani ya mwituni. Wale wawili waliosalia hawakuwa na blanketi. Usiku wa baridi, kando ya mto Jhelum, walichimba mashimo, wakaingia, wakajifukia mchanga mkavu mpaka shingoni, wapate kulala. Chakula chao mara nyingi kilikuwa konzi ya nafaka iliyolowekwa majini na kutiwa chumvi.

Mali moja tu iliwabakia, nayo haikuuzika. Baba yao, Anant Shastri, mtu wa ukoo wa Brahmini, alikuwa amemfundisha mkewe Kisanskriti, lugha ya vitabu vitakatifu vya Wahindu, ijapokuwa desturi ilikataza wanawake wasijifunze. Mama akamfundisha binti yake. Hata walipofika Calcutta mwaka wa 1878, wataalamu wa mji ule walimsikiliza Ramabai, wakastaajabu, wakampa cheo cha Pandita, maana yake mwanachuoni.

Lakini huzuni haikumwacha. Kaka yake alikufa mwaka wa 1880. Akaolewa, na mumewe naye akafa kwa kipindupindu mwaka wa 1882, akamwachia mtoto mchanga, Manorama. Katika siku hizo wasichana wa koo kubwa huozwa wangali wadogo sana, na mume akifa, mjane, hata akiwa mtoto, hunyolewa kichwa, hunyimwa nguo nzuri, na kulaumiwa kana kwamba ndiye aliyemwua.

Ramabai akavuka bahari mwaka wa 1883, akaenda Uingereza, akabatizwa huko. Kisha akaenda Marekani, akaandika kitabu juu ya hali ya wanawake wa kwao, na watu wakaunda chama cha kumsaidia. Mwaka wa 1889 alifungua shule ya wajane katika Bombay, bandari ile iliyoendewa na majahazi ya Unguja na Mombasa tangu kale. Miongoni mwa wanafunzi wa kwanza alikuwamo mjane kijana, Godubai, ambaye baadaye aliolewa na mwalimu Karve, na huyo Karve ndiye aliyeanzisha chuo kikuu cha wanawake mwaka wa 1916. Shule ikahamia Pune. Baadhi ya wasichana walipoipenda dini ya mwalimu wao, wazazi walikasirika, na mwaka wa 1893 wengi wakawaondoa watoto wao. Ramabai hakufunga mlango.

Mwaka wa 1896 zikaja habari za njaa katika majimbo ya kati. Ramabai alikumbuka mashimo ya mchanga. Akapanda gari la moshi, akaenda kutazama, akaona watoto waliobaki ngozi na mifupa, na watu wabaya wakiwarubuni wasichana yatima. Akakusudia kuwaokoa wasichana 300. Wengi walikuwa wagonjwa, na si wote waliopona. Kisha tauni ikaingia Pune, na serikali ikamzuia asiwaweke wote mjini. Basi akawapeleka Kedgaon, penye shamba alilolinunua apande miti ya matunda. Walikaa kwanza katika mahema na vibanda. Kisha visima vikachimbwa na nyumba zikajengwa. Mahali pale pakaitwa Mukti, yaani ukombozi. Njaa iliporudi mwaka wa 1900, wakaaji wakazidi, hata wakapata karibu 2,000.

Wako watu wanaodhani kwamba mwenye njaa hana haja ila ya wali. Ramabai alijua sivyo, kwa kuwa yeye mwenyewe aliokolewa na yale aliyofundishwa na mama yake. Kwa hiyo Kedgaon kila msichana alijifunza kusoma, tena alijifunza kazi: kufuma nguo, kukamua mafuta, kulima, kukama ng'ombe, kupika mikate. Vipofu walifundishwa kusoma kwa vidole, kwa herufi za nukta zilizoinuka. Palikuwa pia na kiwanda cha chapa. Ramabai alijifunza Kiebrania na Kiyunani, akaifasiri Biblia yote kwa Kimarathi, na walioshika herufi za risasi na kuzipanga mstari kwa mstari ni wasichana wa Mukti, ambao wengi wao walipofika hawakujua hata herufi moja.

Manorama, aliyetarajiwa kumrithi mama yake, alikufa mwaka wa 1921. Ramabai akaendelea kusahihisha kurasa za mwisho, naye akafa Aprili 1922. Milango ya Mukti ingali wazi hata leo kwa wanawake na watoto wasio na kwao.