Kujifunza Maneno Magumu ya Kiingereza

Vijana wengi wajitayarishao kwa mtihani wa Kiingereza hufungua kamusi, huanza na herufi A, na kukariri maneno yote kwa mfuatano. Mimi nami nilifanya hivyo. Nilipofika herufi D, maneno ya A yalikuwa yamekwisha kunitoroka, na yale yaliyobaki yalinitia hasara. Nilipokuwa karani mpya nilimwandikia mkuu wangu barua ya kuomba ruhusa ya siku tatu, ili nikamzike shangazi yangu. Kwa kutaka kuonyesha elimu, nililiacha neno jepesi "ask", nikaandika "demand", kwa kuwa kamusi yangu ndogo ilisema maana yake ni kutaka. Kumbe ni kudai, tena kwa ukali. Barua ilirudi na mstari mwekundu, ruhusa sikupewa, na maziko yakapita bila mimi.

Basi yafaa kwanza kutazama shina la neno. Sisi twajua jambo hili, maana kitabu, katibu, maktaba na katiba ni ndugu wa shina moja la Kiarabu, lenye maana ya kuandika. Kiingereza nacho kimekopa mashina mengi ya Kilatini, na la kuandika ni "scrib" au "script". Kwa hiyo "manuscript" ni maandiko ya mkono, kwani "manus" ni mkono. "Postscript" ni maneno yaongezwayo chini ya barua iliyokwisha, kwani "post" ni baada. "Inscription" ni maandishi yaliyochorwa juu ya jiwe, na mganga aandikapo dawa husemwa "prescribe". Ajuaye shina hili moja amepata maneno manne kwa kazi ya moja. Lakini shina huonyesha njia tu: "describe" siku hizi ni kueleza, hata kwa mdomo.

Pili, ni maneno yapi ya kujifunza? Si yale ya ajabu. Mwaka 1953 Bwana Michael West alitoa orodha ya maneno kama 2,000 yatumikayo sana. Mwaka 2000 Bibi Averil Coxhead wa New Zealand alitoa orodha nyingine, ya jamaa 570 za maneno ya vitabu vya elimu ya juu, kama vile "analyse", "method" na "significant". Jamaa hizo, ijapokuwa ni chache, ni karibu neno moja katika kila maneno kumi ya vitabu hivyo. Mtahiniwa aliyekwisha kuyajua yale 2,000 na ashike hizi, kabla ya kutafuta maneno ya kujivunia.

Tena neno lisiandikwe peke yake katika daftari. Liandikwe ndani ya sentensi nzima, pamoja na majirani yake: Mwingereza husema "make a mistake", wala hasemi "do a mistake". Hayo kamusi ndogo haikwambii.

Mwalimu asiulize maneno siku moja tu. Mjerumani Hermann Ebbinghaus alijipima mwenyewe, na mwaka 1885 akaandika kwamba mengi husahauliwa upesi, hasa siku ya kwanza. Basi maneno ya Jumatatu yaulizwe tena Jumanne, kisha baada ya juma moja, kisha baada ya mwezi, na kila mara mwanafunzi atunge sentensi mpya.