Kipya Kinyemi, Ingawa Kidonda

Methali hiyo hapo juu nilifundishwa darasani, lakini maana yake niliipata katika kibanda cha michezo ya runinga pale Ukunda.

Kila mwaka, Septemba ikikaribia kwisha, sisi vijana huwa na swali moja tu: "Mpya imeingia?" Siku moja nilitumwa unga na mama. Kupita kibandani, kumbe imeingia! Bei ya mechi ilikuwa imepanda kutoka shilingi 10 hadi 20. Nilicheza mechi tano, hela zikaisha. Nyumbani siku hiyo tulilala bila ugali. Mama hakunigombeza, alininyamazia tu, na hilo liliniuma zaidi. Nikajiuliza: hasa nilinunua nini?

Desturi hii iko Marekani pia. Kandanda ya huko huchezwa kwa mikono zaidi ya miguu, na mpira wake umechongoka ncha mbili. Mwaka 1988 ilitolewa gemu ya kompyuta yenye jina la kocha mashuhuri, John Madden. Waundaji walitaka kupunguza wachezaji, maana kompyuta za wakati ule zilikuwa na nguvu kidogo. Madden alikataa katakata: ama wachezaji 11 kila upande, ama jina lake lisitumike. Tangu 1990 matoleo yakafuatana mwaka baada ya mwaka. Kampuni ile ile, Electronic Arts, ilitoa gemu ya soka ya FIFA mwishoni mwa 1993. Mwaka 2023 jina la FIFA liliondolewa, ikaitwa EA Sports FC.

Je, kwa nini kila mwaka? Sababu moja ni kwamba wachezaji huhama. Mwaka 2016 Victor Wanyama wetu alitoka Southampton akaenda Tottenham. Diski ya msimu uliotangulia, ikiwa haikuunganishwa na intaneti, ilimwacha kule kule Southampton. Basi toleo jipya lina faida yake. Hata hivyo, Marekani na hapa Kwale utasikia lalamiko moja: ati majina yamebadilika, mchezo ni ule ule.

Hapa Kiswahili chatusaidia kupambanua. "Mchezo mpya" na "toleo jipya" si kitu kimoja. Mchezo mpya una kanuni ambazo hujapata kuzijua. Toleo jipya ni kitu unachokijua, kilichorekebishwa. Hata jarida letu hili hutoka kila mwaka kwa jina lile lile. Mimi nilidhani nimenunua mchezo mpya, kumbe nilinunua toleo. Kosa halikuwa la mwenye kibanda, lilikuwa la pupa yangu.

Sikuacha kucheza, wenzangu, nisiwadanganye. Lakini siku hizi nikitumwa unga, naanzia dukani.

Zoezi:
1. Eleza tofauti kati ya "mchezo mpya" na "toleo jipya".
2. Tunga kisa kifupi kinachooana na methali: Kipya kinyemi, ingawa kidonda.